Kompyuta Kuwa Nzito: Chunguza Chanzo Kabla ya Kulipa

Watumiaji wengi hupeleka kompyuta kwa fundi wakilalamika kuwa ni nzito: feni inavuma muda wote, kipanya kinakwama, video inakatika. Huambiwa kwamba mashine imechoka na wanunue nyingine, au kwamba ni lazima "ipigwe Windows" upya. Huenda ushauri huo ukawa sahihi. Hata hivyo, uchunguzi wa dakika chache usio na gharama waweza kuonyesha kwamba kompyuta haina ubovu, ila kichakataji chake kimebebeshwa kazi isiyo yake.

Kazi ya kuchora madirisha, picha na video kwenye kioo hufanywa kwa sehemu kubwa na kitengo cha michoro. Ili Windows iweze kukitumia kitengo hicho ipasavyo, huhitaji programu iitwayo kiendeshi, ambayo mafundi huiita draiva. Kiendeshi sahihi kikikosekana, Windows hutumia cha akiba, nayo kazi ya kuchora humwelemea kichakataji. Hali hii huweza kutokea baada ya Windows kupigwa upya na fundi asiweke kiendeshi kinachostahili. Hapo mteja huwa amelipia matengenezo yaliyozaa uzito mpya.

Ili kuchunguza, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Bofya neno CPU ili programu zinazotumia kichakataji kwa wingi zipande juu. Usihukumu mara tu baada ya kuwasha, kwani wakati huo Windows huwa inajisasisha na kukagua virusi. Subiri dakika kadhaa bila kufungua kitu. Mashine iliyotulia huonyesha kiwango kidogo, mara nyingi chini ya asilimia 10.

Iwapo iliyo juu ni programu unayoifahamu, ifunge na utazame kama kiwango kitashuka. Picha zinazotembea nyuma ya madirisha, ambazo wengi huziweka kwa urembo tu, ni miongoni mwa walaji wakubwa. Jina usilolijua linalokula kichakataji hata kompyuta ikiwa imetulia ni sababu ya kukagua virusi. Desktop Window Manager, kwa upande wake, si kirusi. Ndiyo inayopanga madirisha kwenye kioo, na isilazimishwe kufungwa. Ikitumia nguvu nyingi mfululizo, kishukiwe kiendeshi.

Kukithibitisha, bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua Device Manager, kisha fungua Display adapters. Ukikuta maneno Microsoft Basic Display Adapter, kiendeshi halisi hakipo. Unganisha intaneti na uendeshe Windows Update. Isipokipata, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta ukiwa na namba ya toleo, ambayo kwa kompyuta mpakato mara nyingi huandikwa chini yake. Viendeshi hivi hutolewa bure. Matangazo yanayodai malipo ili "kusasisha viendeshi vyote" yapuuzwe, maana baadhi ya programu hizo huongeza mzigo uleule.

Ikiwa uzito ulianza baada ya kiendeshi kusasishwa, bofya mara mbili jina la kitengo, fungua Driver, kisha Roll Back Driver ili kurudisha cha awali. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, hakuna cha awali kilichohifadhiwa.

Kompyuta ikibaki nzito baada ya hayo, fundi anahitajika. Mwombe akuonyeshe kwenye Task Manager kinachokula kichakataji kabla hajakutajia bei. Kusafisha feni hakutaizima programu yenye kosa. Akipendekeza kupiga Windows, nakili mafaili yako kwanza kwenye diski ya nje, na risiti itaje kwamba kiendeshi cha michoro kitawekwa. Siku ya kuichukua, fungua Device Manager mbele yake.