SOMO: NDUGU AKIANGUKA KIFAFA

Katika Luka 10, kuhani na Mlawi walipita kando, Msamaria alisogea. Nasi tukimwona mtu ameanguka kifafa tusikimbie, kwa maana kifafa hakiambukizi, wala povu lake.

Tuondoe mawe na moto karibu naye, tuweke nguo chini ya kichwa. Tusimkandamize, tusimtie kijiko wala chochote mdomoni. Mtetemeko ukitulia, tumlaze ubavu apumue vizuri, tukae naye mpaka fahamu zirudi. Ukizidi dakika 5, au ukirudi kabla hajazinduka, tumpeleke kituo cha afya upesi. Maombi tuyafanye njiani.

Na aliyepewa dawa, tusimwambie aziache kwa kuwa ameombewa.