Kalamu Kabla ya Msasa: Jinsi ya Kuchunguza Historia ya Gari la Kale

Shelui ni mji mdogo wa Wilaya ya Iramba, mkoani Singida, kando ya barabara kuu iendayo Nzega. Gari litokalo Singida huteremka mlima Sekenke kabla ya kufika hapo, na mbele yake hutandaa mbuga ya Wembere, ambayo hujaa maji na tope wakati wa mvua. Katika nchi ya namna hii, gari lenye kusukumwa na magurudumu yote manne ni chombo cha thamani. Likiharibika halitupwi upesi. Husukumwa nyuma ya gereji likangoja vipuri, na pengine hungoja miaka mingi.

Ichukuliwe, kwa ajili ya somo hili, kwamba fundi mmoja wa hapo amekusudia kulifufua Land Rover kuukuu lililokaa hivyo. Majirani wanamweleza kwamba hilo ni gari la Mjerumani, lililoletwa na wachimbaji wa dhahabu ya Sekenke. Maneno hayo hayakuzuka bure. Mgodi wa Sekenke ulianzishwa katika enzi ya Wajerumani, na dhahabu yake ndiyo iliyofuliwa sarafu za rupia 15 huko Tabora mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Lakini je, gari lenyewe linakubaliana na maneno ya majirani?

Aghalabu fundi huanza kazi kwa msasa na spana. Hapo ndipo hasara inapotokea. Gari la kale ni waraka ulioandikwa kwa chuma, rangi na kutu. Msasa ukishapita, maandishi yake hayasomeki tena. Kwa hiyo hapana budi uchunguzi utangulie ukarabati.

Ushahidi wa umbo na namba

Hatua ya kwanza ni kutambua gari lilitengenezwa lini. Land Rover lilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Uholanzi, tarehe 30 Aprili 1948. Ukweli huu mmoja watosha kukanusha habari ya Mjerumani, maana utawala wa Kijerumani ulikuwa umekwisha koma nchini zaidi ya miaka 28 kabla ya siku hiyo. Inawezekana bado kwamba gari lilifanya kazi mgodini, lakini katika wakati wa Waingereza. Jambo hilo litahitaji ushahidi wake lenyewe.

Umbo hupunguza shaka zaidi. Katika magari ya mwanzo umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa inchi 80, yaani sentimeta 203 hivi. Magari ya modeli ya 1954 yalikuwa na inchi 86, na kuanzia 1956 kukawa na ya inchi 88. Taa za yale ya awali kabisa zilikaa nyuma ya wavu wa mbele. Hivyo mwanafunzi mwenye utepe wa kupimia aweza kukadiria umri wa gari kabla ya kugusa hata skrubu moja.

Kisha hutafutwa namba ya fremu na namba ya injini. Katika magari ya miaka ya mwanzo ya 1950, tarakimu ya kwanza ya namba ya fremu ilionyesha mwaka wa modeli. Namba iliyofifia huweza kusomwa kwa kumulika tochi kutoka ubavuni ili kivuli kiingie katika michongo, au kwa kuwekea karatasi nyembamba na kusugua penseli juu yake. Namba haipaswi kukwanguliwa kwa tupa. Ikiwa namba ya injini hailingani na ile iliyoandikwa kiwandani, hilo si aibu ya gari. Huonyesha kwamba injini ilibadilishwa, na hiyo nayo ni sehemu ya historia.

Sumaku, rangi na kutu

Baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kiliuzwa kwa mgao nchini Uingereza. Kwa sababu hiyo mabamba ya bodi ya Land Rover yalitengenezwa kwa aloi ya alumini, na fremu ikawa ya chuma. Sumaku haivuti alumini. Ikinata kwenye madigadi ya mbele, fundi ajue kwamba bamba la asili liliondolewa, pengine baada ya ajali, likawekwa la chuma. Tofauti hiyo husikika hata mkononi: sentimeta moja ya ujazo ya alumini ina gramu 2.7, ilhali ya chuma ina gramu 7.8 hivi.

Rangi husomwa kama matabaka ya miamba: tabaka la chini ndilo la kale zaidi. Katika mahali pasipoonekana sana, kwa mfano ndani ya mlango, husuguliwa eneo dogo kama sarafu kwa msasa laini uliolowanishwa, hata matabaka yakatokea kama duara ndani ya duara. Land Rover za mwanzo zilipakwa kijani hafifu. Rangi zinazofuata huashiria kubadilika kwa mmiliki au kazi, na maandishi ya zamani huweza kufichika katikati yake. Picha ipigwe, na mpangilio wa rangi uandikwe daftarini, kabla ya eneo jingine kuguswa.

Kutu nayo ina habari zake. Alumini ikigusana na chuma mahali penye unyevu, hasa wenye chumvi, metali hizo mbili hufanya kazi kama betri ndogo. Alumini hupoteza elektroni na kuliwa, ikaacha unga mweupe. Unga huo ukiwa mwingi katika viungo vya bodi, yafaa kuuliza kama gari liliwahi kuishi pwani au kusimama majini. Hata hivyo dalili hii haitoshi peke yake.

Wazee na nyaraka

Dereva na utingo wa zamani wanajua mambo yasiyochorwa katika chuma chochote. Yafaa kila mmoja ahojiwe peke yake, kabla hajasikia maelezo ya mwenzake. Badala ya kudai tarehe, mhoji aulize kwa matukio: je, gari lilikuwa likitembea kabla ya Azimio la Arusha la 1967? Lilikuwa wapi wakati wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979? Maelezo ya wawili wasioshauriana yakipatana, uzito wake huongezeka.

Baada ya hapo hutafutwa karatasi: kadi ya gari, stakabadhi za vipuri, picha za familia, na majalada ya serikali yaliyohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Makumbusho ya magari yaliyoko Gaydon, Uingereza, hutunza daftari za kiwanda. Kwa kutumia namba ya fremu, daftari hizo huweza kuonyesha siku gari lilipokamilika, rangi yake ya kwanza na mahali lilikopelekwa.

Kufufua au kuhifadhi?

Januari 2018 kampuni ya Jaguar Land Rover ilitangaza kupatikana kwa mojawapo ya magari yaliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948. Gari hilo lilitembea barabarani mara ya mwisho katika miaka ya 1960, likakaa miaka 20 katika shamba huko Wales, kisha likasahauliwa katika bustani karibu na Solihull, mji lilikoundwa. Wataalamu walitumia miezi kadhaa wakipekua kumbukumbu za kampuni ili kuthibitisha asili yake. Ndipo walipoamua kulitengeneza huku wakihifadhi sura ya uzee wake, pamoja na rangi yake ya kwanza ya kijani hafifu.

Fundi wa Shelui hana kumbukumbu za kampuni nyuma yake, lakini kanuni ni ile ile. Breki, usukani na nyaya za umeme lazima zifanywe upya kwa ajili ya usalama. Bamba lililopigwa kiraka na seremala wa magari miaka 50 iliyopita laweza kuachwa kama lilivyo, kwa kuwa kiraka hicho ni ushahidi wa ufundi wa watu wa hapo. Na majirani watakaposimulia tena habari ya Mjerumani, fundi atakuwa na daftari la kuwaonyesha kipi kimethibitika, kipi chaelekea kuwa kweli, na kipi ni hadithi tu.

Mazoezi

1. Eleza kwa nini alumini, wala si chuma, ndiyo huliwa metali hizo mbili zinapogusana penye unyevu.
2. Bamba la alumini lina uzito wa kilo 5.4. Bamba la chuma lenye ujazo huo huo lingekuwa na uzito gani?
3. Chagua chombo cha kale kilichopo karibu na shule: gari, mashine ya kusaga au cherehani. Andika safu tatu: yaliyoonwa, yaliyosimuliwa, yaliyothibitishwa. Ni safu ipi iliyo fupi zaidi, na kwa nini?