Kumwambatisha Mtumiaji na Seva Yake: Suala la Istilahi na Usanidi

Makala haya yanashughulikia tatizo ambalo wanafunzi wengi waliowahi kujisajilia kozi mtandaoni wamelionja bila kulijua jina. Mwandishi alilionja akiwa mwaka wa pili. Siku ya mwisho ya usajili, baada ya kuandika nywila na kuchagua kozi nne, alibonyeza kitufe cha kuendelea, akajikuta amerudishwa mlangoni na kudaiwa nywila upya. Alipoingia tena, kozi zote zilikuwa zimetoweka. Akazichagua upya, akabonyeza, akatolewa kwa mara ya pili. Fundi wa maabara alilaumu kasi ya mtandao. Mtandao haukuwa na hatia. Ombi moja lilipelekwa kwenye seva hii na ombi lililofuata kwenye seva ile, na kila seva ilikuwa na daftari lake.

Ikumbukwe kwamba itifaki ya HTTP haina kumbukumbu: kila ombi hupokewa kama la mgeni. Ni kwa ajili hiyo Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni kuki mwaka wa 1994. Kuki ni kijitambulisho kidogo ambacho seva hukipa kivinjari, nacho kivinjari hukirejesha katika kila ombi. Programu ikikiona hufungua daftari la mtumiaji huyo, na daftari hilo ndilo tunaloliita kikao. Seva ikiwa moja, hapana shida. Zikiwa mbili, na mbele yake amewekwa wakala anayegawa maombi kwa zamu, daftari limo katika seva moja tu, na wakala hana habari.

Wengi huuita utatuzi wa tatizo hili 'udumishaji wa kikao'. Kwa maoni yetu istilahi hii inapotosha. Wakala hadumishi kikao, hata hakioni. Anachodumisha ni uhusiano baina ya mtumiaji na seva. Tunapendekeza 'uambatishaji', kutokana na kitenzi 'ambata' kilichonyambuliwa katika kauli ya kusababisha, kwa kuwa mtumiaji haambati mwenyewe bali huambatishwa. Tofauti hii si ya maneno matupu. Fundi anayeamini kwamba kikao kimedumishwa hushtuka seva inapozimika na vikao vyote vilivyokuwamo vikaenda nayo.

Njia nyepesi ya kuambatisha ni kwa anwani ya IP: wakala huikokotoa anwani ya mtumiaji na kumpeleka daima kwenye seva ileile. Katika mazingira yetu njia hii ina kasoro kubwa. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani chache, na mkahawa wa mtandao huwa na anwani moja kwa wote waliomo. Hivyo seva moja hulemewa huku mwenzake ikikaa bure. Aidha, mwanafunzi akiacha mtandao wa simu na kuingia ule wa maktaba, anwani yake hubadilika naye huenda akaangukia seva nyingine.

Kuki ni bora zaidi. Tuchukue mfano wa HAProxy, programu ya Mfaransa Willy Tarreau iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2001. Sehemu inayohusika katika faili yake ya usanidi yaweza kuwa hivi:

backend usajili
    mode http
    balance roundrobin
    option redispatch
    cookie SEVA insert indirect nocache httponly
    server s1 10.0.0.11:8080 check cookie s1
    server s2 10.0.0.12:8080 check cookie s2

Mtumiaji mpya hugawiwa seva kwa zamu, kisha wakala huongeza katika jibu kuki iitwayo SEVA yenye thamani s1 au s2. Neno 'insert' ndilo linaloamuru nyongeza hiyo. 'Indirect' humfanya wakala aiondoe kuki hiyo kabla ya kuifikisha kwa programu, isiyo na haja nayo. 'Nocache' hupuuzwa na wengi, nalo ndilo la kuangaliwa sana: bila hilo, hifadhi ya muda iliyo njiani yaweza kuliweka jibu pamoja na kuki yake, ikawagawia watu mia kuki ya mtu mmoja, wote wakaambatishwa na s1. 'Check' humwagiza wakala aipime seva mara kwa mara, na 'option redispatch' humruhusu kumhamisha mtumiaji ambaye seva yake haipatikani.

Msomaji atambue pia kwamba wakala hawezi kusoma kuki iliyomo ndani ya mawasiliano yaliyosimbwa. Tovuti ikitumia HTTPS, usimbaji sharti ufunguliwe kwa wakala mwenyewe, jambo ambalo HAProxy imeliweza tangu toleo thabiti la 1.5 la mwaka wa 2014.

Je, fundi akihitaji kuikarabati s2 katikati ya usajili? Asiizime. Aiweke katika hali iitwayo 'drain': wageni hawatapelekwa huko tena, ila walioambatishwa wataendelea hadi wamalize shughuli zao.

Hata hivyo, s2 ikizimika kwa ghafla, wakala atamhamishia mwanafunzi s1, na s1 haina daftari lake. Atadaiwa nywila upya vilevile. Dawa ya hilo haimo katika faili ya wakala. Ni kuyatoa madaftari ndani ya seva na kuyaweka katika hifadhidata inayosomwa na seva zote. Anayetaka kujua chuo chake kiko wapi katika hili na aombe ruhusa ya kufanya jaribio kabla ya msimu wa usajili: aingie, achague kozi mbili, atazame katika kivinjari thamani ya kuki ya SEVA, seva hiyo izimwe, kisha abonyeze kitufe cha kuendelea.