Gunia na Kisado

Pamba ikiisha kuuzwa, nyumba nyingi za Nyashimo hushika fedha ambazo hazitaonekana tena mpaka msimu ujao. Ndipo huzuka swali: je, yafaa kununua vitu vya nyumbani kwa gunia na katoni, au kwa kisado na kipande?

Anunuaye kidogo kidogo humlipa mwenye duka kila siku kwa kazi ya kumgawia. Tena aishiye mbali na barabara ya Mwanza na Musoma huongeza nauli. Lakini hasara kubwa ni ya mahindi. Wako watu wauzao yote mara baada ya mavuno, bei ikiwa chini. Kisha wakati wa kupalilia huyanunua kwa kisado, bei ikiwa juu. Hao huinunua tena jasho yao wenyewe.

Walakini gunia lina adui. Dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati akaonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, hugeuza punje kuwa vumbi kwa miezi michache. Na mahindi yasiyokauka huota kuvu yenye sumu. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Basi yaanikwe sana, juu ya turubai, si juu ya udongo, ndipo yatiwe katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Humo wadudu hufa pasipo dawa.

Adui wa pili ni sisi wenyewe. Nyumbani mwangu dumu la mafuta la lita 20, lililokusudiwa miezi minne, lilikwisha kwa miwili, wala hapakuwa na mwizi. Sasa mke wangu hupima mafuta ya juma moja katika chupa, na dumu hulifungia. (Mwanzo nilinung'unika!)

Asiyeweza gunia peke yake na ashirikiane na jirani. Nyumba tatu zaweza kununua mfuko wa sukari wa kilo 50, lakini wapime kwa mizani siku ile ile, wote wakiwapo. Bali gunia la mkopo, litakalolipwa kwa pamba iliyo bado shambani, si nafuu hata kidogo: faida ya mkopeshaji imekwisha kutiwa ndani yake, na mvua haina mdhamini.

Kabla ya yote, tengeni fedha ya mbegu na ya sare za watoto, maana gunia likiisha kufunguliwa, duka halilipokei tena.