Tairi Mbili Mbili au Moja Moja? Somo Nililolikosea Mbinga

Jioni moja wakati wa TP, mjomba wangu aliniuliza swali nikalijibu haraka mno. Mjomba analima kahawa huko Mbinga. Alikuwa ameweka akiba ya misimu miwili ili anunue gari la mizigo, na alikuwa ameona mawili: Canter yenye tairi mbili mbili nyuma, na pikapu aina ya Hilux yenye tairi moja moja.

"Mwalimu," akasema, "matopeni ipi itapita?"

Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimefundisha Kidato cha Kwanza mada ya presha, au kanieneo kama vitabu vya Kiswahili vinavyoiita. Nikajibu kwa kujiamini: "Canter, mjomba. Tairi nyingi, eneo kubwa, presha ndogo. Haizami."

Siku iliyofuata nilipita kwa fundi wa tairi, nikamweleza hoja yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na upepo umejaza kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani, nikachukua karatasi.

Hesabu ya kwanza: ardhi inasikia nini?

Chukua ekseli ya nyuma iliyobeba kilo 2,000. Uzito huo ni kama nyutoni 20,000. Tairi zikijazwa upepo wa kilopaskali 400, yaani kama 58 kwenye geji ya fundi, tairi italala chini mpaka presha yake ilingane na uzito. Kwa hiyo eneo linalogusa ardhi ni 20,000 ukigawa kwa 400,000, sawa na mita za mraba 0.05, au sentimita za mraba 500.

Sasa angalia: je, mahali popote katika hesabu hiyo tumeuliza tairi ziko ngapi? Hatukuuliza. Zikiwa mbili, kila moja itakanyaga sentimita 250 za mraba. Zikiwa nne, kila moja itakanyaga 125. Jumla ni ile ile, na presha juu ya tope ni ile ile. Kuta za tairi nazo hubeba kidogo, kwa hiyo hesabu hii ni ya kukadiria, lakini inatosha kuonyesha kosa langu. Kinachoamua presha juu ya ardhi kwanza ni upepo. Faida ya tairi nne ni kwamba zinaweza kubeba mzigo ule ule kwa upepo mdogo zaidi. Ukizijaza zikawa ngumu kama jiwe, faida hiyo umeitupa.

Hesabu ya pili: tairi inabeba nini?

Fundi alinionyesha ubavu wa tairi ya Canter, imeandikwa 117/116. Namba ya kwanza ni ya tairi ikifungwa peke yake: kilo 1,285. Ya pili ni ikifungwa pacha: kilo 1,250. Tairi mbili za peke yake zitabeba kilo 2,570. Nne za pacha zitabeba 5,000. Ni karibu mara mbili, ila si mara mbili kamili, kwa sababu pacha hawagawani sawasawa. Moja ikiwa na upepo pungufu, au barabara ikiinama upande, mwenzake anabeba zaidi, na joto katikati yao halitoki vizuri. Na hizo kilo 5,000 ni za tairi tu. Springi, ekseli na breki zina kikomo chao.

Hata sheria ya mizani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inatofautisha hivyo: ekseli moja yenye tairi mbili mwisho tani 8, yenye tairi nne mwisho tani 10.

Kwa hiyo tairi mbili mbili ni za kubebea. Mfuko wa mbolea ni kilo 50. Pikapu ya tani moja inachukua mifuko 20, Canter ya tani tatu inachukua 60. Hapo hakuna ubishi.

Barabara nayo inasemaje?

Kutoka Mbinga kushuka Mbamba Bay ni lami, kilomita 66 hivi. Hapo tairi nne zinatulia na mzigo, na moja ikipasuka, gari haliinami ghafla kama lingekuwa na tairi moja upande huo.

Lakini pandisha milima ya Umatengo wakati wa masika, kwenye njia za vijijini. Tairi za mbele zinachimba mfereji mwembamba. Tairi moja ya nyuma inaufuata, inafika chini kwenye udongo mgumu. Pacha ni wapana kuliko mfereji: moja inapanda ukingo, nyingine inaning'inia, gari linavutwa upande. Tope linajaa katikati yao. Jiwe likinasa hapo, linakata tairi zote mbili, na pancha ya tairi ya ndani unaweza usiijue mpaka imeungua. Zaidi ya hayo, Hilux ile ilikuwa inavuta kwa magurudumu yote manne, na hilo lina uzito matopeni kuliko idadi ya tairi.

Nilimrudia mjomba nikamwambia, "Mjomba, nisamehe, jana nilikudanganya bila kujua." Tukakaa na daftari. Kahawa inavunwa kiangazi, njia zikiwa kavu. Dagaa wa Mbamba Bay wanapita lami mwaka mzima. Kitu pekee kinachopanda mlimani mvua zikianza ni mbolea.

Akachagua Canter, ile ile niliyomtajia. Tofauti ni kwamba sasa mbolea ataipandisha kabla ya mvua, na jiwe lolote kati ya pacha atalitoa kabla ya kuondoka. Kwa jibu langu la kwanza, angeingia matopeni Januari na mifuko 60, akimwamini mpwa wake msomi.

Sisi tunaosomea ualimu tunajua kwamba jibu sahihi lenye njia mbovu halipati alama zote. Wiki iliyofuata niliingia darasani nikafuta mfano wangu wa tairi mbele ya wanafunzi, nikawapa kazi: kila mmoja akasome ubavu wa tairi moja mtaani na kumuuliza mwenye gari amejaza upepo kiasi gani. Walirudi na namba nyingi kuliko nilizokuwa nazo mimi.