Maumivu ya Mgongo: Ijue Tiba ya Sindano ya Kichina

Sindano hizi ni nyembamba kama unywele na hazina dawa ndani. Mtaalamu huzidunga sehemu maalum za mwili. Mwaka 2017, chama cha madaktari cha Marekani, American College of Physicians, kiliitaja tiba hii miongoni mwa zile za kujaribu kabla ya vidonge kwa maumivu ya mgongo. Nafuu yake ni ya kiasi. Asikudanganye mtu kwamba inaponya kisukari.

Pakiti ifunguliwe mbele yako: sindano iliyotumika yaweza kukuambukiza homa ya ini au virusi vya UKIMWI. Ukiwa mjamzito, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, sema mapema. Na miguu ikifa ganzi au mkojo usipozuilika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.