Somo la 9: Ramani ya Kidijitali ya Mazingira Yetu

Mgeni akifika Nyasura, Bunda, na kukuuliza njia ya kwenda kisimani, utamwelekeza apite karibu na mwembe, kisha ashuke hadi penye mwamba. Je, mtu aliye mbali, asiyeweza kukuuliza, ataijuaje njia hiyo? Atahitaji ramani.

Ramani inayohifadhiwa katika simu au kompyuta huitwa ramani ya kidijitali. Katika ramani hiyo mahali hutambuliwa kwa namba mbili. Latitudo huonyesha mahali palipo kaskazini au kusini mwa Ikweta. Longitudo huonyesha mahali palipo mashariki au magharibi mwa mstari unaopita Greenwich, Uingereza. Nyasura ipo karibu na nyuzi 2 kusini na nyuzi 34 mashariki.

Simu huzipataje namba hizo? Setilaiti huizunguka dunia kwa urefu wa kilometa 20,000 hivi, zikituma mawimbi ya redio. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti 4 au zaidi. Kwa kutumia muda wa mawimbi hayo kusafiri, hukokotoa mahali ilipo.

Jaribio: Kuchora ramani ya eneo la shule

Vifaa: simu ya mwalimu yenye kipokezi cha mawimbi ya setilaiti, daftari, penseli na rula.

1. Mkiwa na mwalimu, chagueni vitu 5, kama vile mti, kichuguu, mwamba, kisima na mfereji wa maji ya mvua.
2. Simameni kando ya kila kitu. Subirini namba zitulie, kisha ziandikeni.
3. Andikeni pia mliyoyaona. Je, mti una maua? Kisima kina maji?
4. Someni namba mara 3 mkiwa uwanjani, kisha mara 3 chini ya mti wenye majani mengi. Ni wapi zilipobadilika zaidi?
5. Chora ramani katika daftari lako. Weka alama ya kila kitu na ufunguo wa alama hizo.

Majani hudhoofisha mawimbi, na kuta huyarudisha kama mwangwi. Kwa hiyo simu inaweza kukosea kwa mita kadhaa. Mchoraji mwangalifu hupima zaidi ya mara moja.

Tahadhari: Usiende peke yako vichakani wala penye maji mengi.

Faida ya ramani

Mkoani Mara, wasichana waliokimbia ukeketaji walihitaji kufikiwa haraka, hata usiku. Lakini vijiji na njia nyingi havikuwamo katika ramani. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walitazama picha zilizopigwa na setilaiti, wakachora nyumba na barabara katika ramani huria ya OpenStreetMap. Hata hivyo, picha ya angani haitaji jina la kijiji, wala haielezi kama kisima kimekauka. Wenyeji wenye simu ndio walioongeza majina na habari za mahali pao.

Kumbuka: ramani hujua yale tu ambayo mtu ameyaona na kuyaandika. Ukiandika uongo, anayekimbilia msaada atapotea.

Maswali

1. Latitudo hutueleza nini?
2. Kwa nini namba hubadilika chini ya mti?
3. Taja mambo mawili ambayo mwenyeji huyajua, lakini picha ya setilaiti haiyaonyeshi.